Kupima maji ya Wapueblo huku jiji linazidi kukua upande wa juu wa mto

Kila nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba kazi yangu huku Marekani ni kupima maji ya mto kwa wenyeji asilia, swali linalokuja ni lilelile, "kwani hayo maji ni machafu kiasi gani?" na mimi nabaki nacheka maana jibu la haraka sina, kwenye hii kazi nimejifunza kwamba kabla hujauliza uchafu unauliza kwanza maji yanatumika kwa kazi gani na nani mwenye mamlaka ya kusema hapa ndo mwisho, pasipite. Ukikosa hilo la pili hata uwe na mashine ya milioni mia utakuwa unakusanya namba tu za kujazia kabati.

Niko New Mexico, karibu na Albuquerque, jiji ambalo Rio Grande inalipasua katikati kutoka kaskazini kwenda kusini. Mwaka 1960 hapa kulikuwa na watu kama laki mbili, sensa ya 2020 ikakuta zaidi ya laki tano na nusu, hapo hujahesabu Rio Rancho ng'ambo ya mto ambayo peke yake imepita laki moja na zamani palikuwa mchanga na vichaka tu. Sasa hilo jiji limebanwa na ardhi za Wapueblo, ndo hao wenyeji asilia niliowataja, na kila jamii yao inaitwa pueblo, juu yake kuna Sandia, chini yake kuna Isleta, na kwa jimbo zima pueblo ziko 19, kila moja na serikali yake na gavana wake na baraza lake, na walikuwepo kwenye huo mto karne nyingi kabla Mhispania wa kwanza hajafika. Mimi nafanya kazi na mojawapo ya hizo pueblo, jina sitaji na namba zao sitaziweka hapa, sababu nitaisema mbele.

Ila stori ya Isleta ni ya wazi, iko kwenye hukumu za mahakama, na mtu yeyote anayeingia hii kazi anasimuliwa wiki ya kwanza kama vile kwetu mtu anavyosimuliwa habari za ukoo. Iko hivi. Sheria ya Maji Safi ya Marekani ni ya mwaka 1972 lakini ilivyotungwa makabila yalisahaulika, majimbo ndo yalipewa nguvu ya kuweka viwango vya mito. Mwaka 1987 Bunge likarekebisha, likasema kabila likitimiza masharti linaweza kutendewa kama jimbo kwenye mambo ya maji. Isleta walikuwa na gavana mwanamke, Verna Williamson, wa kwanza mwanamke kushika hicho kiti pale, na yeye ndo aliyelivalia njuga hili suala maana mtambo wa majitaka wa Albuquerque unamwaga kwenye mto kilomita kama nane tu juu ya mpaka wao. Yaani jiji zima linavuta choo halafu mto unakuja kwako. Mwaka 1992 wakapata hiyo hadhi na viwango vyao vikapitishwa na shirika la mazingira la serikali kuu, EPA, na mle ndani waliweka matumizi ambayo hakuna mhandisi wa jiji aliyekuwa ameyafikiria, matumizi ya ibada, kwamba kuna watu wanaingia kwenye ule mto kwa ajili ya sherehe za kidini na maji yanaingia mdomoni. Wakasema kwa hiyo viwango vyetu vitakuwa vikali kuliko vya jimbo.

Jiji likaenda mahakamani mwaka uliofuata. Hoja zao ukizisoma leo unaona zilikuwa na akili, gharama ya kusafisha ni kubwa, viwango vingine vya arseniki, ile sumu, ni vikali kuliko hata hali ya asili ya mto, na hili la arseniki lina ukweli kwa sababu hii nchi ina miamba ya volkano na arseniki inatoka humo yenyewe bila kiwanda chochote. Lakini mahakama ya wilaya ikawakatalia, Mahakama ya Rufaa ikawakatalia mwaka 1996, na 1997 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikakataa hata kusikiliza. Kwamba aliye juu ya mto anapaswa kutimiza viwango vya aliye chini, hata kama wa chini ni kijiji cha watu elfu chache na wa juu ni jiji. Mimi nilivyosoma ile hukumu mara ya kwanza nilirudia ukurasa mmoja mara kadhaa, sikuamini kama kuna sehemu duniani maji yameamuliwa hivyo.

Ili muelewe kwanini iliniingia hivyo, mimi nimezaliwa Meru, upande wa Maji ya Chai, na ukikutana na mimi nikicheka utaona meno. Sisi wa kule meno yetu yana rangi ya kahawia tangu tunapoyaota kwa sababu ya floraidi, na wapo wazee ambao mifupa imepinda kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania kwa miaka mingi kiwango chetu kilikuwa miligramu 8. Nane! Kisingizio kilikuwa kwamba tukiweka ndogo maeneo mengi yatakosa chanzo chochote cha maji, na sijui kama walikuwa na njia nyingine wakati ule, lakini maana yake maji ya kijijini kwetu kwenye karatasi yalikuwa mengi yanapita wakati meno ya watoto yanasema kingine. Sisi floraidi ni ya mlima, hakuna wa kumshtaki. Kitu kinachofanana ni kile cha kiwango, nani anakaa mezani wakati kinaandikwa.

Haya, kazi yenyewe ikoje. Asubuhi unaanza na mashine, tunayo ile sondi ndefu kama tochi ya polisi yenye vihisio vya joto, pH, oksijeni, chumvi na tope, na kila siku ya kutoka lazima uikalibreti, pH unaitumbukiza kwenye maji maalum ya 4, 7 na 10, oksijeni unaipima kwenye hewa yenye unyevu, unaandika ilisoma ngapi kabla na ngapi baada. Watu wapya wote wanachukia hii sehemu. Af unapakia chupa, barafu kwenye deli, glovu, mabuti ya mpira yale ya kufika kifuani, fomu, kalamu ambayo haifutiki na maji. Ukifika mtoni unasimama ukiangalia mto unakotoka, chupa unaipeleka mbele yako ili usichote tope uliloinua mwenyewe na miguu, unaizamisha mdomo ukiwa chini kisha unaigeuza. Chupa za bakteria zina kidonge kidogo ndani cha kuua klorini, maana ukichota karibu na mtambo wa majitaka klorini inaweza kuendelea kuua vijidudu ndani ya chupa wakati unaendesha gari, ukifika maabara unakuta maji safi kama ya Kilimanjaro kumbe sio.

Kuanzia hapo unakimbizana na saa. Sampuli ya bakteria ina masaa sita kufika maabara ikiwa kwenye barafu. Tunachotafuta ni E. koli, yule kijidudu wa kwenye utumbo, akiwepo maana yake kinyesi kimepita hapo na magonjwa mengine yanaweza kuwa yamekuja nae. Unamwaga unga maalum kwenye maji, unayapitisha kwenye trei ya plastiki yenye vijishimo 97, unaifunga kwa joto, unaiweka kwenye kabati la nyuzi 35 mpaka kesho yake. Vijishimo vikigeuka njano kuna koliformu, lile kundi kubwa la vijidudu ambalo E. koli yumo, ukivimulika na taa ya urujuanimno vikawaka bluu basi ni E. koli, unahesabu, unaangalia jedwali. EPA inapendekeza wastani usizidi 126 kwa mililita 100 pale watu wanapoogelea.

Bosi wangu, mama mmoja wa palepale pueblo ambaye ameshafanya hii kazi tangu mimi niko sekondari, alinifundisha kitu kuhusu hiyo trei ambacho kwenye kozi hawakukisema vizuri. Trei ina ukomo, vijishimo vyote vikiwaka jedwali linakwambia "zaidi ya 2,419" na basi. Sasa mvua ikinyesha maji ya kwenye makorongo yanaweza kuwa elfu kumi, elfu thelathini, wewe karatasi yako inasema tu zaidi ya elfu mbili na mia nne, na ukimpelekea mtu wa jiji atakujibu sawa, tumezidisha kidogo. Kwa hiyo siku ya mvua unachanganya maji na maji safi ya maabara mara kumi au mara mia kabla hujaweka kwenye trei. Akaniambia, "Ukiwaachia nafasi ya kudhani ni kidogo, watadhani ni kidogo." Huyu mama haongei sana ila akiongea unaandika.

Na mvua ndo kiini cha kila kitu huku. Albuquerque inapata mvua kidogo sana, zaidi kidogo ya milimita 200 kwa mwaka, na nyingi inashuka kwa ngurumo za Julai mpaka Septemba, jioni, dakika arobaini imekwisha. Zamani ile mvua ilikuwa inanywewa na mchanga. Sasa ni lami, paa, maegesho ya supamaketi, na yale makorongo ya asili yamejengewa zege, kwahiyo kila kilicholala barabarani tangu mwezi wa tano kinasafiri kwa mkupuo mmoja, mafuta ya magari, vumbi la breki, mbolea za bustani, kinyesi cha mbwa, vikombe vya kahawa, kinaingia mtoni ndani ya nusu saa ya kwanza. Ukienda kuchota kesho yake asubuhi, jua limetoka, mto umetulia, unapata namba nzuri tu. Programu nyingi za kupima maji duniani zinachota siku ya Jumanne saa nne asubuhi kwa sababu ndo ratiba ya ofisi, na mto unafanya mambo yake Alhamisi saa mbili usiku. Sisi ilibidi tununue mashine za kuchota zenyewe, maji yakipanda zinajiwasha na kuvuta chupa moja baada ya nyingine, na bado mafuriko yamewahi kuondoka na mabomba yake, na siku nyingine nyaya zimeliwa na panya.

Oksijeni nayo ina tabia hiyohiyo ya kujificha. Mchana majani ya majini yanatengeneza oksijeni kwa jua, ukipima saa nane mchana unafurahi. Usiku yanavuta badala ya kutoa, na kiwango cha chini kabisa unakikuta alfajiri kabla jua halijatoka. Kaskazini mwa jiji kuna mfereji mkubwa wa zege unaitwa North Diversion Channel, unakusanya maji ya mafuriko ya sehemu kubwa ya upande wa mashariki wa Albuquerque na kuyatoa kwenye Rio Grande pale jirani na ardhi ya Sandia, na kwenye mdomo wake maji yanatuama, uchafu unaoza, oksijeni inaisha. Mvua ikija inayasukuma yale maji mfu yote kwenye mto kwa pamoja. Na kwenye huo mto kuna samaki mdogo wa fedha, urefu wa kidole, amebaki kwenye kipande kidogo tu cha Rio Grande na amelindwa kisheria tangu 1994, kwa hiyo oksijeni ikishuka hapo sio jambo la maabara tena, wanasheria wanaamka. Kwahiyo ukiwa na hela ya mashine moja tu, nunua inayokaa majini na kurekodi kila dakika kumi na tano usiku na mchana, hata kama inapima vitu vichache. Ila ujue utakuwa unaisugua kila wiki mbili, maana mwani unaota kwenye vihisio mpaka inaanza kukudanganya.

Sasa swali la nani mwenye kinyesi. Hili limegombanisha watu sana. E. koli hana kitambulisho, hasemi ametoka kwa binadamu au kwa ng'ombe. Kila kikao zamani kilikuwa hivi, jiji linasema ni ng'ombe wa wakulima, wakulima wanasema ni majitaka ya jiji, mtu wa pembeni anasema ni bata. Walipofanya uchunguzi wa vinasaba kwenye hii sehemu ya mto wakakuta ndege wamo, mbwa wamo na binadamu wamo. Mbwa! Mimi natoka sehemu ambayo mbwa analala nje na hakuna anayemfuatilia anajisaidia wapi, kuja kukaa kwenye kikao rasmi cha serikali mbili, watu wazima na mafaili yao, wanajadili mbwa wa Albuquerque wanatoa kiasi gani kwa siku, nilibana kicheko kwa shida. Lakini ndo uhalisia, jiji likikua mbwa wanaongezeka, na kampeni ya kuwabembeleza watu waokote imeshusha uchafu ambao mtambo wa mabilioni usingeugusa kwa sababu haupiti kwenye mtambo.

Kitu kingine ambacho nilidhani ni urasimu tu mpaka nilipoona kinavyofanya kazi ni karatasi. Kila chupa ina fomu ya makabidhiano, nani kachota, saa ngapi, nani kaipokea, deli lilikuwa na joto gani lilipofika. Kila chupa kumi unaweka moja ya pili iliyochotwa palepale kuona kama majibu yanafanana, na nyingine ya maji safi kabisa uliyoipeleka mtoni na kuirudisha kuona kama mikono yako ndo michafu. Kabla ya yote kuna mpango mrefu wa kurasa na kurasa unaoeleza utafanya nini, na EPA wanausaini. Nimekaa kwenye kikao ambacho mwanasheria wa upande wa juu hakugusa kabisa namba zetu, aliuliza tu ile thamometa ya kwenye kabati ilikaguliwa lini mara ya mwisho. Bosi akafungua faili, akaisoma tarehe, akafunga faili. Kikao kikaendelea na mambo mengine na sisi tukajua tumeshinda pale.

Nilisema nitaeleza kwanini sitaji namba. Ni kwamba data ni mali ya pueblo, iko kwenye mkataba wangu na hata isingekuwa kwenye mkataba ni adabu. Hawa watu wamepimwa sana na wageni, wanaanthropolojia, wapiga picha, watafiti wa vyuo, wakachukua na kwenda kujitangaza. Pueblo nyingi haziruhusu kupiga picha kabisa bila kibali, mimi hata ya mtoni natumia kamera ya ofisi tu na hairudi nyumbani. Kuna siku unaambiwa barabara imefungwa, njoo siku nyingine, na hauambiwi kwanini. Mara ya kwanza nilianza kuuliza, kuna sherehe? ya nini? inaisha lini? mzee mmoja akaniangalia tu kwa upole akasema, "Mto utakuwepo." Basi. Sikuuliza tena. Kwetu Meru pia kuna miti na chemchemi ambazo mtoto hafundishwi zote kwa siku moja, na mgeni hafundishwi kabisa, kwahiyo nilivyokaa kufikiria sikuona ajabu.

Lakini ona inavyoleta shida ya kitaalamu, na hapa ndo akili ya Isleta unaiheshimu. Ukitaka serikali ilinde maji ya ibada lazima uiambie watu wanayatumiaje, wanaingia mpaka wapi, wanakunywa kiasi gani, mara ngapi, maana hesabu za hatari ya kiafya zinadai hizo namba. Na hayo ndo mambo ambayo hutakiwi kuyasema nje. Walichofanya ni kuandika kwa upana tu, kugusa maji na kuyameza kwa ajili ya ibada, na kuishia hapo bila kueleza ibada yenyewe, kiwango kikawekwa kama vile maji yanaingia mwilini. Jiji lilijaribu kusema hiyo ni serikali kuendeleza dini, kinyume na katiba, mahakama ikasema hapana, lengo ni maji safi. Mimi huwa nawaambia vijana wanaokuja kujitolea, andika matumizi, usiandike siri.

Sasa kuna hizi kemikali za PFAS, zile za povu la kuzimia moto na vyombo visivyogandisha chakula, ambazo haziozi. Kupima chupa moja ni mamia ya dola na zinapimwa kwa viwango vidogo kiasi kwamba nguo yako inaweza kuharibu majibu. Siku ya kuchota PFAS hairuhusiwi jaketi la kuzuia mvua, hairuhusiwi chakula cha kwenye karatasi za hoteli za haraka, vipodozi havitakiwi, mafuta ya kupaka hayatakiwi. Jamani, New Mexico ni jangwa, mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, upepo mkavu, na mimi niambiwe nitoke nyumbani bila mafuta! Nilifika mtoni miguu imepauka kama nimetoka kukanyaga unga, bosi akanicheka mpaka akakaa chini. Lakini orodha ya vitu vipya ndo hivyo inarefuka kila mwaka, jana amonia leo PFAS kesho dawa za presha zinazopita kwenye mkojo wa watu laki tano, na kila kitu kipya kina bei yake na mpimaji ni yuleyule aliye chini ya mto.

Hela zinatoka wapi? Nyingi ni ruzuku ya serikali kuu, kifungu cha 106 cha ileile sheria, zinakuja kwa mwaka na kwa barua, na ofisi nyingi za makabila zina watu wawili au watatu ambao ndo hao wanachota, wanaandika, wanaenda vikaoni na wanabadilisha tairi. Makabila yanayotambuliwa na serikali kuu yanazidi 570 na yaliyopata hadhi ya kutendewa kama jimbo kwenye viwango vya maji hayafiki mia. Sio kwamba mengine hayataki, maombi ni mzigo, yanachukua miaka, na kijana ukimfundisha vizuri jiji linamchukua kwa mshahara mara mbili. Hili linaniuma kuliko yote kwa kweli. Tumeanza kuwachukua wanafunzi wa sekondari wa pueblo wakati wa likizo, wengine hawarudi, ila mmoja sasa ndo anaiendesha ile kabati ya nyuzi 35 na ananikosoa mahesabu.

Kiangazi cha 2022 Rio Grande ilikauka ndani ya Albuquerque yenyewe, kitu ambacho kilikuwa hakijatokea kwa miaka kama arobaini. Unasimama darajani unaona mchanga uliopasuka na samaki kwenye vidimbwi. Kwa mpimaji maana yake ni kwamba mto ukipungua kinachomwagwa na mtambo hakipungui, watu hawaachi kwenda chooni kwa sababu ya ukame, kwa hiyo chini ya mtambo sehemu kubwa ya mto inakuwa ni maji yaliyotoka kwenye mabomba ya jiji. Yamesafishwa, ndiyo, na tangu ile kesi mtambo umeboreshwa na unaondoa amonia na nitrojeni zaidi kuliko zamani, lazima niwe mkweli hapo. Lakini vibali vimepigiwa hesabu kwa kudhani kuna mto wa kuchanganya. Yakikosekana yale maji ya kuchanganyia sijui tunaita nini tena.

Mdogo wangu yuko kwenye jumuiya ya watumia maji kule nyumbani, zile zilizoanzishwa chini ya sheria ya maji ya 2009, na wao wana lao, viwanja vimekatwa mpaka kingo za mto, mita sitini za sheria ya mazingira ziko kwenye karatasi, gereji zinamwaga oili, mashamba ya maua yako juu. Alinipigia, "Dada, tutafutie hizo mashine huko, hata za mtumba." Nikamwambia mashine subiri kwanza. Chukueni daftari gumu, muandike tarehe, saa, sehemu, rangi, harufu, mvua ilinyesha lini, nani kaona, na wawili wasaini, kila wiki bila kuruka, sehemu zilezile tatu, moja juu ya wale mnaowalalamikia, moja pale wanapomwagia na moja chini. Bila ile ya juu hamna kesi, watasema maji yalikuja hivyohivyo. Af andikeni mnayatumia kwa nini, ng'ombe, kufua, kunyeshea mboga, watoto kuogelea, halafu mpeleke nakala ofisi ya bonde, mpigiwe muhuri wa kupokelewa na mbaki na yenu. Akasema hiyo ni kazi ya karani sio ya mtaalamu wa maji. Nikamwambia ndo kazi ninayofanya mimi siku nne kati ya tano. Hakuridhika, anataka mashine, na kusema ukweli ya kupima chumvi na joto nimemtumia kwa mtu anayesafiri Desemba maana ile ni bei ndogo na inaonyesha haraka kama kuna kitu kimemwagwa.

Huku kwetu sasa hivi kibali kimoja cha upande wa juu kinafikia mwisho, hivi vibali ni vya miaka mitano, rasimu ya kipya imetoka na tuna siku thelathini za kutoa maoni. Kwa kuwa pueblo ina viwango vyake tuna haki ya kusema kwa maandishi kwamba hiki kitavunja viwango vyetu na wanalazimika kujibu. Bosi anaandika barua, mimi nimepewa jedwali, miaka mitano ya oksijeni ya alfajiri kwa kila mwezi, na E. koli za siku za mvua zikiwa peke yake zisichanganywe na za siku kavu. Baraza linataka kuliona Jumatatu, na kuna safu mbili za Agosti ambazo mashine ilikuwa imejaa mwani, hizo nazitoa na kuandika kwanini nimezitoa.